Soja yangu iliyokataa kutoa maua

Leo nimejivua nguo mbele ya avenue nzima, mutaa wote. (Kwa maneno. Nguo zilibaki.)

Kule Djugu, aliyewaonyesha watu wa bunduki njia ya kwetu ni jirani, jina yake Dieudonné. Asubuhi ileile alikuwa ametusalimia vizuri! Toka siku hiyo, mutu akinichekea, ninachunga.

Sasa hapa Bunia, nilikokimbilia, Mama Furaha wa parseli ya pili, kiwanja cha kando yangu, ananichekea kila siku. Basi nilipopanda soja, nikafunga taa kubwa ya sola juu ya nyumba, imulike shamba usiku muzima. Soja ile ni uji ya wajukuu wangu watatu. Sina ingine.

Soja ikaota, majani mazito, lakini ua hata moja hakuna! Ya Mama Furaha, mbegu ya gunia moja na yangu, tulipanda siku moja, ikajaa maua. Nikajua: yangu ameitia dawa.

Leo asubuhi nikaita shefu wa avenue, mukubwa wa mutaa. Akaja na Papa Jérôme, agronomu, mutaalamu wa mimea. Majirani wakajaa. Nikanyoosha kidole: "Ni huyu! Mama Furaha! Andikeni!"

Papa Jérôme hakumuangalia hata. Aliangalia juu. "Mama Rachel, taa hii inawaka mpaka saa ngapi?"

"Mpaka asubuhi! Sababu ya wezi."

"Basi ndiyo imeiba maua yako. Soja inahesabu giza. Ikipata usiku murefu, inaelewa wakati wa maua umefika. Weye umeinyima usiku."

"Inahesabu na nini? Iko na vidole?"

(Hapo watu walikuwa bado upande wangu.)

Akatupeleka nyuma ya choo, mahali mwangaza wa taa haufiki. Mama yangu! Kipande cha soja, upana wa choo kabisa, kimejaa maua ya zambarau. Kushoto hakuna. Kulia hakuna.

Mama Furaha akashika kiuno. "Dawa yangu imemaliza shamba yote, halafu ikaogopa choo yako?"

Shefu, mutu mukubwa vile, alicheka mpaka akaegemea choo.

"Sasa soja imekufa?" nikauliza, sauti ya panya.

"Hapana, mama. Ondoa taa leo, maua itakuja."

Musicheke. Aliyenishikia ngazi nikapanda kuishusha taa ni Mama Furaha mwenyewe. Ameishika vizuri sana, haikutikisika hata kidogo. Hiyo nayo ninaichunguza.