Mfalme Wangu Hamsogelei Mfalme wa Mama Mkwe

Kwa Katibu,
Klabu ya Chesi, Buswelu.

Ndugu Longino,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi nimekonda kwa hasira. Nailalamikia programu ya chesi iliyomo kwenye simu yako. Jumamosi ilininyang'anya safari ya Nansio, kwenda kuiwakilisha klabu, ikampa mama mkwe wangu. Jina lake silitaji. Unajua ninavyomheshimu.

1. Mchezo wetu uliisha sare, nawe ukaiuliza programu nani alicheza vizuri zaidi, ndiye asafiri. Ikasema mimi nilikuwa nashinda kabisa, nikaharibu mwenyewe. Mbele za watu! Mwanachama mwenzetu Masalu alicheka mpaka akashika ukuta.

2. Mwishoni nilibaki na mfalme na askari wawili, mama naye mfalme na askari mmoja. Programu inadai mfalme wangu alipaswa kusonga mbele, asimame uso kwa uso na mfalme wa mama na kumzibia njia. Jamani, Longino! Wewe ni Mhaya, sawa, lakini umeishi na sisi Wasukuma miaka yote hii. Mama mkwe hazibiwi njia, anapishwa! Mimi hata kucheza naye nacheza nimempa ubavu, natazama dirishani. Malkia wangu aliliwa nikiwa natazama dirishani.

3. Basi nikarudi nyuma kwa adabu. Programu ikaandika: kosa kubwa. Adabu ndiyo imekuwa kosa! Kesho itaniambia nile naye sahani moja.

4. Naomba ipelekwe Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, ikafundishwe mila kabla ya kuamua tena mchezo wa mtu na mkwewe. Ikikataa, ifutwe.

Nimeumia, ndugu yangu. Safari hiyo nimeitamani mwaka mzima, na majirani nilishawaaga.

Msalimie shemeji Annet na watoto. Msalimie na Masalu, ingawa hastahili.

Ni mimi mwanachama wako mtiifu, mwenye kinyongo,
Nkwabi

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, mama mkwe kapita, na mke wangu Rebeka kamsomea barua yote. Mama amenipa ruhusa kamili, mbele ya binti yake, turudie mchezo kuanzia pale niliporudi nyuma, na nimsogelee nitakavyo. Nimemsogelea. Safari hii hata sare sikupata. Programu iacheni ilivyo. Mama anauliza meli ya Nansio inaondoka saa ngapi, na nani atambebea begi. Rebeka ameshanitaja mimi.