Manowari ya Buluu Yakataa Kushindwa

Jumatatu, 6 Julai
Sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio: sijui kuogelea. Miaka kumi na sita, Mmalta, bahari iko hatua mia moja kutoka mlangoni, na kazi yangu ufukweni ni kuwashikia wenzangu taulo. Kwenye fomu ya kuomba kuigiza sinema niliandika "naogelea vizuri sana". Kwa Kimalta na kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa shule. Nimechukuliwa! Baharia wa manowari ya buluu, ile inayozama. Ijumaa tunaruka wote kwenye bwawa la kupigia picha. Bwawa kubwa kama viwanja vitatu vya mpira, maji meusi. Nimetapika mara moja. Kwa siri.

Jumanne, 7 Julai
Klarissa naye kachukuliwa. Manowari nyekundu, inayoshinda. Bingwa wa kuogelea wa parokia nzima, na baba yake hupiga tarumbeta bendi ya Wabuluu, mahasimu wa bendi yetu ya Wekundu, kila bendi na mtakatifu wake. Kaniuliza mbele ya watu nitaruka kwa kichwa au kwa miguu. Nikasema itategemea upepo. "Haya, bwana upepo!" Watu wakacheka. Nilicheka pia, nimechelewa.

Halafu, katikati ya mkate wa nyanya, wazo! Klarissa ni Mbuluu, kapewa bendera nyekundu. Sisi Wekundu tumepewa ya buluu. Na Mjomba Nenu, katibu wa bendi yetu, hajagundua! Mtu aliyekataa kupaka mlango wake rangi ya buluu hata mkewe alipolia!

Jumatano, 8 Julai
Nimemfumbua macho. Nilisema tu, kwa upole, "Mjomba, kweli tufe chini ya bendera ya buluu, wiki mbili kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu?" Basi! Alivua kofia ya ubaharia akaikanyaga. Wekundu hamsini wakaketi chini, wakafungua chakula. Mwongozaji, Mwingereza mwenye kofia ya majani, aliuliza mara tatu kama hii ni dini au mpira. Mjomba akamjibu ni zaidi.

Saa nane mchana tukabadilishana meli. Mshindi haruki majini! Mimi ni fundi wa fitina! Mjomba kanibusu kwenye paji, kaniita Wistin, tumaini la bendi.

Ijumaa, 10 Julai
Madonna! Wabuluu wamekataa kushindwa. Mizinga ikalia, hakuna aliyeruka. Baba yake Klarissa alimpokonya mtu kipaza sauti, akatangaza kwamba Mbuluu hamkimbii Mwekundu, hata kwenye sinema. Wakaparamia meli yetu wakiimba wimbo wa mtakatifu wao. Mjomba akawajibu kwa wetu. Mwongozaji alipiga kelele wasimamishe kamera, kisha akapiga kelele wasithubutu kusimamisha.

Klarissa akanijia. "Shuka kwenye meli yetu, bwana upepo!" Nikamwambia ni yetu. Akanisukuma. Kidogo tu.

Nilianguka kinyumenyume hadi bwawani. Nikapiga maji, nikamwita Bikira Maria, mama, na mwalimu wa hesabu. Klarissa akaruka, akanishika ukosi, akanisimamisha. Kumbe maji yananifika kifuani! Alinitazama, akajua.

Halafu makofi! Mwongozaji alikuwa analia. Kasema miaka thelathini hajaona mtu anayezama vizuri namna ile. Uso wangu utajaza ukuta mzima wa sinema!

Jumamosi, 11 Julai
Mjomba anawaambia watu nilijitupa kwa ajili ya bendera. Sijamkatalia. Klarissa kaja asubuhi, kasema kwa sauti ya chini atanifundisha kuogelea kesho baada ya misa, kule kwenye miamba, na hatamwambia mtu. Nimemshukuru. Nimemwambia sina nafasi.

Na kweli sina! Mwongozaji ameniomba niwafundishe watu ishirini kuzama. Jumatatu. Si bwawani tena, bahari yenyewe, nje ya bandari, bila jaketi za kuokolea maana zinaonekana kwenye picha. Nimemwambia ni ufundi wa ukoo, tumerithishana tangu babu. Kanipa cheo papo hapo: mkuu wa wanaozama! Ishirini chini yangu! Nimeshapanga somo la kwanza, nitasimama mbele na

Mama anapanda ngazi. Daftari chini ya godoro, upesi