Usingizi wa Kupandia Ngazi

Jumatatu, 3 Machi

Fundi ametangaza vita! Goti lake limegoma. Jumamosi tunafunga dishi kwenye hosteli ya ghorofa nne, na atakayepanda badala yake atavaa mkanda wa vifaa na kuitwa fundi msaidizi. Wagombea ni wawili, mimi na Paka. Paka tunamwita hivyo kwa sababu hata akianguka anatua kwa miguu. Mimi kwa miezi minane nakaa chini mbele ya televisheni ya mteja, Fundi na Paka wakigeuza dishi juu napaza sauti: bado! rudi kidogo! hapo hapo! Nasikika hadi mtaa wa tatu. Kipaji hicho, si mchezo.

Sasa siri, na daftari hili likiitoa nalichoma. Naogopa kupanda. Kipandio cha tatu tu cha ngazi, naikumbatia kama mama mzazi. Fundi wa madishi anayeogopa paa! Bora ningezaliwa samaki anayeogopa kulowa.

Jioni nikamchokoza dada kwa mbali. Yeye ni mtu wa mapokezi kwenye jengo la ofisi. Akasema ghorofa ya tatu yupo tabibu wa hipnosisi (neno kaniandikia dada, kama lilivyo kwenye kibao cha mlangoni), anatuliza akili za watu mpaka wanaacha sigara na hofu. Akauliza ni kwa ajili ya nani. Nikasema nauliza tu, kupanua elimu. Akacheka vibaya sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda. Nilitegemea joho jeusi na saa ya mnyororo. Nimemkuta mama mmoja mwenye miwani na ndala, kama mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Dada alinionya nikague cheti kabla ya kukaa, maana siku hizi kila mwenye kiti cha kulalia anajiita tabibu. Nikakikagua. Maneno marefu, muhuri mzuri. Nikakipitisha.

Halafu maswali, kurasa mbili! Nina kifafa? Natumia dawa gani? Nimewahi kusikia sauti zisizo na mtu? Nikamwambia nasikia ya Fundi hata akiwa kwao. Hakucheka. Akanieleza kwamba si usingizi kamili, nitasikia kila kitu. Hawezi kunifanyisha nisichotaka. Si uchawi, huenda ikahitaji kurudi mara kadhaa. Na nikificha tatizo, sote wawili tutapoteza muda.

Nikaficha tatizo. Nikasema natafuna kucha.

Akaniambia nifumbe macho, nijione nikishuka ngazi, kidato kwa kidato. Nikauliza, samahani mama, huko juu nilipandaje? Akanihamishia bustanini. Bustani ilikuwa tamu! Mwili ukalegea kama nguo kwenye kamba.

Jumatano, 5 Machi

Sijatafuna kucha hata moja tangu jana. Ajabu! Basi dawa inafanya kazi, ila imetumwa kwa mgonjwa mwingine.

Nikajipima kwa kusimama juu ya kiti nibadilishe balbu ya dada. Nikashuka na pazia.

Lakini kichwa hiki hakilali. Kama mama wa ndala anaweza, mimi nashindwa nini? Dawa si lazima ininyanyue mimi, inaweza kumshusha Paka. Mchana nikafunga ufunguo kwenye uzi, nikamwambia nina mchezo. Akakaa kwenye ndoo. Nikauyumbisha. Nikamwambia kope zake ni nzito, anaipenda ardhi, paa ni baya, paa lina nyigu. Akaanza kukoroma! Nikafumba macho na mimi ili sauti inoge. Nilipofumbua, jamaa anamalizia mkate wangu. Akaniuliza kama nimemaliza, maana chai yangu nayo inapoa.

Kisha akanitazama kwa jicho la pembeni, akauliza kwani mimi naogopa kupanda? Nikakana mara tatu, mara ya tatu kwa kupayuka. Tangu hapo ananiita Bwana Sakafu. Mshenzi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kwa tabibu. Akasifu kucha zangu. Kisha akasema kwa upole kwamba Jumanne nilikivuta kiti kutoka dirishani mpaka nyuma ya mlango, na leo nimekivuta tena. Nikasema ni upepo. Akasema dirisha limefungwa.

Nikamwaga yote. Kwamba nilipokuwa na miaka kumi nilipanda paa la shule kufuata mpira, nikashindwa kushuka. Shule nzima ikasimama chini kunitazama, walimu kwa wanafunzi, mpaka mlinzi akaleta ngazi na kunibeba begani kama gunia. Na kwamba bila mkanda ule nitabaki kupiga kelele mbele ya televisheni za watu hadi ndevu zitoke mvi.

Hakucheka. Nimelirudia neno hili kwa sababu ni jipya kwangu.

Safari hii bustani ilikuwa na ngazi. Kipandio kimoja, pumzi ndefu, nabana kidole gumba na cha shahada. Kipandio kingine, hivyo hivyo. Nikamwomba ang'oe hofu yote na mizizi. Akakataa! Akasema kidogo inatakiwa ibaki, ndiyo itakayonikumbusha kujifunga kamba. Akataka nifanye mazoezi, nirudi mara tatu, na nimwambie Fundi ukweli. Mazoezi sawa. La Fundi, hapana.

Ijumaa, 7 Machi

Dada ameshika ngazi uani. Vipandio vitano! Nikabaki pale navuta pumzi mpaka dada akasema, mdogo wangu, shuka kabla hujaota kutu. Nikashuka mwenyewe, bila kubebwa. Akajifanya kufuta jasho, lakini niliona macho yake.

Jumamosi, 8 Machi

Hosteli. Ngazi za ndani si neno, zina kuta. Mwisho kabisa kuna ngazi ya chuma ya kwenda juu ya tangi la maji, dishi linakofungwa, vipandio kumi na viwili, na pembeni hewa tupu. Fundi akasema nianze mimi, Paka akae kwenye televisheni. Paka akapita akininong'oneza, Bwana Sakafu, usisahau kurudi.

Kipandio cha sita nikaganda. Si mbele si nyuma. Vidole vilibanana mpaka vikafa ganzi. Chini nasikia Paka ameanza kupiga kelele, bado! bado!, na dishi sijaligusa.

Nikauambia ukuta kwamba naogopa. Fundi, aliyeshika ngazi, akajibu kwa niaba ya ukuta. Akasema amejua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu hajaona kijana mwingine anayependa kubaki chini kiasi hicho. Yeye mwenyewe mara ya kwanza alitapika juu ya paa la mteja. Akapanda vipandio viwili kwa goti lake bovu, akanifunga kamba kiunoni, akasema sasa hata nikizimia sitafika mbali.

Nikavuta pumzi. Nikabana kidole. Cha saba. Cha nane. Cha kumi na mbili!

Juu ya tangi kuna upepo na mji wote. Nikakaza nati kwa spana, macho kwenye nati tu, lakini nikakaza. Paka kule chini ni aibu tupu, picha ikija anashangaa mpira, anasahau kuniambia. Dakika arobaini kwa kazi ya dakika kumi!

Fundi amenivalisha mkanda. Majaribio ya mwezi mmoja, kwa sharti nimalize siku zangu tatu za tabibu, na kamba isitoke kiunoni. Paka akanipa mkono. Kwa shingo upande, lakini aliutoa.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala na mkanda. Mtu kama mimi hahitaji siku tatu zaidi, nimepona. Dada ameniambia nisijidanganye. Wivu.

Mchana Fundi kapita. Keshokutwa tunakwenda kwenye nyumba yenye mbwa wanne wasiofungwa. Akasema tusirudie ya jana, kama kuna kingine ninachoogopa niseme mapema. Nikacheka kwa kishindo. Mimi? Niogope?

Alipokata kona nikampigia tabibu, nimeomba nafasi kesho asubuhi. Akauliza tatizo ni lipi. Nikamwambia safari hii si mimi, ni binamu yangu, anaogopa mbwa kupita kiasi. Akasema basi aje mwenyewe. Nikamwambia binamu ana shughuli nyingi sana, nitalala kwa niaba yake.