Kofia ya Kuingia Ndani ya Gemu

Jumatatu, 7 Julai 2003

Saba Saba. Watu wote wamepumzika, mimi nimeleta maendeleo! Nimeshuka stendi ya Bariadi na boksi begani, vumbi la Maswa mpaka kwenye kope. Ndani ya boksi: kofia. Siyo ya kujikinga jua. Ni kofia kubwa nyeusi ya plastiki, inafunika macho na masikio, na ndani ina viskrini viwili, kila jicho na chake. Unaichomeka kwenye kompyuta, unaivaa, dunia ya nje inakwisha. Uko ndani ya gemu!

Dada aliyeniuzia, kwenye duka la kompyuta za mtumba kule Mwanza, alikuwa mkweli kupita kiasi. Alisema kofia ilitengenezwa huko ng'ambo kwa gemu zake maalumu. Kampuni ikafa, gemu zake zikafa nayo. Gemu za kawaida haziitambui. Nikamwambia hakuna kitu kisichofundishika. Akanitazama kwa huruma, akanifungia vizuri.

Mke wangu Apolonia alilipokea boksi akidhani ni nyuzi na zipu. Ni kweli nilitumwa nyuzi na zipu. Shule zinakaribia kufunguliwa, ana sare za wanafunzi za kushona. Nilisahau. Nikamweleza kuhusu soko huria: milango imefunguliwa, bidhaa za dunia nzima zinaingia, atakayewahi ndiye atakayekula. Akauliza, kama milango imefunguliwa, zipu zimekwama wapi.

Tuna chumba kimoja cha biashara. Mbele cherehani yake, nyuma kompyuta yangu ya kuchapa barua za watu. Tangu nilipopunguzwa kazi ya ukarani kwenye kinu cha pamba, hiyo ndiyo ofisi yangu. Wanaoandikiwa barua wamepungua. Wanaokwenda kwa Imrani, ng'ambo ya barabara, wanaongezeka. Ana banda la video, jenereta, na spika ambazo watu wakipigana kwenye picha, chai yangu inatikisika. Na anavyosalimia kwa adabu! Leo kanisaidia kushusha boksi. Mtu huyu angekuwa mbaya ningepumzika.

Jumanne, 8 Julai

Imewaka! Jicho la kulia linaona gari linakimbia. Jicho la kushoto linaona usiku. Nimeifungua, nimekuta waya umechomoka, nimeulehemu kwa msumari wa moto. Sasa macho yote mawili yanaona.

Furaha fupi. Nikageuza kichwa, gari likabaki mbele ya pua. Kulia, gari. Juu, gari. Sikuwa ndani ya gemu. Nilikuwa mtu aliyefungwa televisheni usoni.

Nimekaa nikafikiri. Gemu ya kawaida ilitengenezewa mtu aliyeketi akitazama kioo. Inavijua vidole vyake, basi. Haijui kwamba ana shingo. Jambo hili limenihuzunisha kuliko nilivyotegemea. Kule kinuni, nadhani nami nilijulikana kwa vidole tu. Vilipokuwa havihitajiki, hakuna aliyekumbuka kwamba vina mtu nyuma yake.

Apolonia amepata nyuzi kwa mwenye duka wa jirani. Zipu bado.

Alhamisi, 10 Julai

NIMEPATA!

Kinachojua mwendo ni mausi ya kompyuta. Ina kipira tumboni, kikiviringika gemu inageuka. Siyo gemu ya magari, ni ile ya kuwinda. Pale unatembea kwenye bonde la majani, milima kwa mbali, na mausi ndiyo macho yako. Basi: mausi ikae kisogoni, kipira kiguse kola ngumu shingoni. Kichwa kikigeuka, kipira kinaviringika. Kwa nini wenye kampuni walifilisika wakati jibu lilikuwa shingoni mwao?

Kola nimeitengeneza kwa kitambaa kigumu anachotilia Apolonia kwenye kola za mashati. Lastiki nimeazima kwenye kaptula za darasa la tatu. Nikavaa. Nikageuza kichwa taratibu. Bonde likageuka! Nikapiga kelele. Apolonia akakimbilia swichi, akidhani umeme umenishika.

Kasoro moja. Ukigeuka kulia, gemu inageukia kushoto. Nimehangaika nayo mchana kutwa. Mwishowe nimeona ni rahisi kumfundisha mteja kuliko kuifundisha kompyuta. Nimebandika tangazo mlangoni: UKITAKA KULIA, GEUKA KUSHOTO. Imrani alivuka barabara kulisoma. Akauliza, kwa heshima zote, kama ni mambo ya chama.

Jumamosi, 12 Julai

Mteja wa kwanza: Mayala, dalali wa ng'ombe, mtu mwenye shingo ya fahali. Lastiki ilimtosha kwa shida. Nikamweleza habari ya kulia na kushoto. Akasema ameelewa. Hakuelewa. Akageuka kulia, gemu ikageukia kushoto, akaifuata, ikamkimbia. Alizunguka palepale kama mtu anayefukuza mkia ambao hana. Halafu akanyamaza. Nilipaswa kuogopa ule ukimya.

Alitapika kwenye sketi za shule. Zilikuwa zimekwisha, zimepigwa pasi, zimepangwa.

Apolonia hakusema neno. Akachukua beseni. Nikamfuata uani kumsaidia kusuuza, nikimweleza kwamba kizunguzungu ni ushahidi kuwa kofia inafanya kazi. Akakamua sketi, akaning'iniza, ndipo akasema, "Baba Violeth, nimenyamaza. Usidhani nimeridhika."

Mayala kumbe ana mdomo. Kufikia jioni habari ilikuwa sokoni, na njiani imekua. Sasa wanasema kofia ya Athanasi inampeleka mtu mbali, akaona yaliyoko huko. Watu wamekuja kuniuliza kama ni kweli. Sikusema ndiyo. Wala sikusema hapana. Nilisimama tu kama mtu anayejua.

Jumatatu, 14 Julai

Leo naandika polepole.

Asubuhi alikuja mzee kutoka Nkoma. Jina lake Mashimba. Amekuja na baiskeli, ameiegemeza ukutani, amevua viatu mlangoni kana kwamba anaingia mahali patakatifu. Akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Tukaitikia. Akamtazama Apolonia, akanitazama mimi, akaitazama kofia.

Alieleza bila haraka. Mwanawe Maganga aliondoka na ng'ombe kwenda kusini, Usangu, kufuata malisho. Mvua zimekuja na kupita, pamba imepandwa na kuvunwa, Maganga kimya. Wapo wanaosema amekufa. Wapo wanaosema ametajirika akasahau kwao. Mzee akasema habari zote mbili anaweza kuzibeba. Asichoweza kubeba ni kutojua aibebe ipi.

Akaniomba nimwonyeshe Usangu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili anasema, "Baba, hii ni michezo ya watoto." Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mlangoni watu walikuwa wamejaa. Hata wa banda la video walikuwa wamevuka barabara. Imrani mwenyewe alikuwemo, amesimama nyuma. Nikasikia sauti yangu inasema, "Tutajaribu, baba."

Nikamvisha. Nikamfunga kola. Nikawasha bonde.

Hakuzunguka kama Mayala. Aligeuza kichwa kidogo tu, kama mtu anayetazama mashamba ya watu asiyetaka kuonekana mdadisi. Kisha akashusha pumzi. Akaita, "Maganga!"

Cherehani ilisimama. Akaita tena, kwa ile sauti ya kuvuka mbuga. "Maganga! Ng'wana Mashimba! Ni mimi!" Akasubiri. Akatega sikio ndani ya plastiki ile, ambamo hamna kitu ila mlio wa upepo wa kutengenezwa. Nilitaka kuchomoa waya wa umeme. Mkono haukunyanyuka.

Apolonia ndiye aliyenyanyuka. Alipiga magoti mbele ya mzee, akafungua lastiki, akamvua kofia taratibu kama anavyomvua mtoto shati. Akamwambia, "Baba, utusamehe. Hii ni michoro tu. Siyo Usangu. Huko hakuna mtu."

Mzee akapepesa macho. Akasema, "Najua, mwanangu."

Akaipapasa ile kofia mikononi mwa Apolonia, akaendelea.

"Macho yangu ni mazee, lakini najua mlima wa kuchorwa. Nyumbani siwezi kulitaja jina lake. Nikilitaja, mama yake analia siku nzima. Humu ndani nimeliita mpaka nimeshiba."

Akanishukuru. Mimi! Akanishika mkono kwa mikono miwili. Sijawahi kushukuriwa vizuri namna hiyo kwa jambo baya namna hiyo.

Imrani alimfuata nje, nikamwona anamuuliza maswali, anaitikia kwa kichwa. Alipogeuka hakunisema. Alinisalimia tu, kwa adabu yake ile ile. Afadhali angenitukana.

Nimeondoa tangazo mlangoni. Nimeiweka kofia chini ya meza. Nimeapa mbele ya Apolonia: sasa ni kuchapa barua tu. Akasema vyema. Akanipa kaptula za darasa la tatu nizirudishie lastiki.

Ijumaa, 18 Julai

Kumbe Imrani ana ndugu yake, Mtoro, anayenunua mpunga kule Usangu. Na Imrani ana simu ya mkononi. Ni kisimu kidogo, hakina hata picha, na mtandao haushiki mpaka apande ngazi juu ya banda la video. Lakini siku ile ile ya mzee alipanda, akampigia Mtoro. Mtoro akauliza kwenye minada. Juzi akampata mtu: mrefu, ana kovu kwenye nyusi, anaitwa Maganga, ametoka Nkoma. Wakapatana siku ya kupiga, leo baada ya swala ya Ijumaa.

Mzee Mashimba alifika na mkewe, Mama Maganga, amembeba nyuma ya baiskeli. Mtaa mzima umetoka. Mzee akavua viatu, akapanda ngazi. Mtu wa umri ule, kwenye ngazi ya mianzi! Imrani juu yake, akimwelekezea simu sikioni. Mimi chini. Kazi yangu ilikuwa kushika ngazi.

Niliishika. Sijawahi kushika kitu kwa nguvu namna ile.

Mzee akaita, "Maganga!" Kwa sauti ile ile. Safari hii akanyamaza ghafla, na ngazi ikatetemeka mikononi mwangu, nikajua amejibiwa.

Sikusikia aliyoyasema kijana. Nilisikia ya mzee tu. "Ndiyo. Ndiyo. Tuko hai. Mama yako yuko hapa chini. Ng'ombe waache, sijauliza ng'ombe. Wewe unakula?" Halafu, "Una watoto wangapi? Mmoja? Anaitwa nani? Mashimba?" Akacheka. Akalia. Mama Maganga akaanza kupanda ngazi mumewe hajashuka. Tukamshika mkono, akagoma, akapanda. Imrani akashuka ukutani kama nyani ili awapishe.

Kumbe Maganga aliuziwa shamba lenye mgogoro, akapoteza nusu ya ng'ombe, akaona aibu kurudi mikono mitupu. Basi. Hakufa, hakutajirika. Aliona haya. Atakuja Desemba na mkewe na mtoto.

Jioni nilivuka barabara. Nilimwambia Imrani amefanya jambo kubwa. Akasema hapana, jirani, bila kofia yako mzee asingekuja mjini, nami nisingejua. Alikuwa anamaanisha! Nikarudi nikiwa nimechanganyikiwa zaidi. Apolonia akasema labda ndivyo watu wazuri walivyo, mtu anazoea.

Nimelala chali nikifikiri. Mtu hahitaji kuona mbali. Anahitaji kuitikiwa. Nimeliandika hapa ili nisisahau. Mimi si mtu wa kofia tena.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi wafugaji wametoka mnadani, wamepita dukani. Wamesikia habari za mzee Mashimba, nusunusu kama kawaida. Wameomba kuiona kofia. Kuiona tu! Ingekuwa kukosa adabu kuwanyima. Nimeitoa chini ya meza. Na mtu akishaiona, utamzuiaje kuivaa?

Wakavaa mmoja mmoja. Hakuna aliyetapika. Hakuna aliyeniuliza habari za ndugu. Wote, mmoja baada ya mwingine, wameuliza swali moja. Majani yote haya, ng'ombe wako wapi?

Nimepigwa na butwaa. Kosa halikuwa kofia. Halikuwa mausi, wala kulia na kushoto, wala ule uongo wangu mdogo. Kosa ni kwamba waliotengeneza gemu ni watu wasiofuga! Wameweka majani mpaka magotini na hawakuweka hata ndama.

Kuwaingiza ng'ombe ndani ya kompyuta siwezi. Lakini kuna njia ya mkato. Nimeifungua kofia, nimechora ng'ombe palepale kwenye viskrini, kwa kijiti cha kiberiti na rangi ya kucha ya Apolonia. Rangi ni nyekundu. Ng'ombe wetu wengi ni wekundu. Bahati iliyoje! Kundi zuri, na fahali mwenye nundu katikati.

Nimeivaa sasa hivi kujaribu, naandika kwa kupapasa. Ajabu! Ukitazama milimani, wapo. Ukitazama mawinguni, wapo, wanachunga. Ng'ombe wasiopotea, wasioibiwa, wasiohama kwenda Usangu! Ni mfugaji gani atakayepita mlangoni kwangu? Kesho narudisha tangazo. Imrani ajiandae.

Apolonia ameingia, anauliza kama nimeiona rangi yake ya kucha. Nimemwambia ngoja nitazame. Nimetazama kulia, nimetazama kushoto. Naona ng'ombe tu.