Ng'ombe wa Kuonyesha Wakwe

Makokha alikuwa na pua ya kunusa shida ya mtu kabla mwenyewe hajaitamka. Ndiyo maana, kwenye kibanda kimoja cha chai sokoni Kitale, alihamisha kikombe chake akaketi karibu na Mukhisa, fundi wa baiskeli kutoka Sirisia, aliyekuwa ameegesha pikipiki yake kando, akiitazama chai yake ikipoa.

"Ni mapenzi ama ni tumbo?" akauliza.

Ni mapenzi, maskini. Mukhisa alimpenda Nyaruai, binti ya Ndirangu, mwenye shamba la mahindi ambalo ukilitazama unachoka kabla ya kuona mwisho wake. Mzee alikuwa amesema Jumamosi atakwenda kuona boma, maana binti yake hakulelewa kwa chai ya rangi. Na kwao Mukhisa, ng'ombe walionekana kwa jirani tu.

"Niachie hiyo pikipiki yako," Makokha akasema, "na Jumamosi utakuwa na ng'ombe wanne wa gredi, wale wa maziwa mengi, pamoja na baba mdogo wa kuwasifu. Baba mdogo ni mimi."

Ng'ombe walikuwa wake, mali yake yote duniani, ingawa alivyowapata ni jambo ambalo hakupenda kuulizwa. Kuwaazimisha siku moja tu na kupata pikipiki nzima! Usiku ule alilala akitabasamu.

Jumamosi Ndirangu alifika Sirisia na lori. Makokha akaona ni maringo ya matajiri, akaendelea kutafuna kuku. Pasta alikuwepo, naibu wa chifu alikuwepo, na mtu akishiba mbele ya wakubwa ulimi humteleza.

"Hawa ng'ombe ni wa nani?" Ndirangu akauliza.

"Wa kijana, nani mwingine? Na kwetu, mkwe, mgeni harudi mikono mitupu. Ukipenda mmoja, sema. Ukipenda wote, nani atakunyima?"

Alijua watu wa heshima hujibu asante, tuache hiyo kwa siku nyingine.

Ndirangu akafuta mdomo. "Nimepokea. Mwambieni dereva arudishe lori nyuma."

Vigelegele vikapasuka. Mama Mukhisa alilia kwa furaha. Makokha akakimbilia zizini, akamkuta Mukhisa anasukuma ng'ombe wa kwanza juu ya lori bila hata kugeuka. Nyaruai, aliyekuja na baba yake, akamfuata na birika la kunawia.

"Nawa mikono, baba mdogo. Mukhisa hanifichi kitu. Lori, ni mimi nilimwambia baba aje nalo; mtu wa maneno mengi hakosi kutoa ahadi."

"Hao ni ng'ombe wangu, bana."

"Najua. Si useme? Baba yuko pale. Naibu wa chifu pia yuko pale, atakuuliza tu uliwatoa wapi."

Makokha akanawa mikono polepole. Kumbe mtoto wa tajiri naye anajua kutega mtego.

"Na wewe utaweza kuishi kwa fundi wa baiskeli?"

"Mimi namtaka fundi. Ni baba aliyetaka ng'ombe," Nyaruai akasema.

Lori likawashwa. Ndirangu akatoa kichwa dirishani. "Mzee, nimetembea sana, lakini ukoo mkarimu hivi sijaona. Una neno la mwisho?"

Wote wakamgeukia. Makokha akamtazama naibu wa chifu, akawatazama ng'ombe wake. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kuongea, alikosa uongo.

"Wanapenda chumvi," akasema. "Jioni msiwanyime chumvi."