Vipimo vya Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi ukungu, kisha manyunyu.

Mwalimu wa chekechea ameleta kitambaa cha gauni la harusi. Ameachiwa na marehemu mama yake, kipande kimoja, hakuna kingine. Anaolewa Jumamosi. Nimempima, nikaandika vipimo kwa chaki kwenye meza ya kukatia, kama kawaida yangu. Jioni nimeisugua meza kwa tambara lenye maji. Mimi ni mtu wa usafi.

Jumanne, 4 Machi. Mawingu.

Vipimo havipo. Mdogo wangu, anayenishonea vifungo, kasema si nimwite tu dada wa watu nimpime upya. Thubutu! Fundi Mbwembwe wa ng'ambo ya barabara akimwona anarudi, mtaa mzima utajua kabla ya saa sita.

Nimeiuliza akili bandia ya kwenye simu. Ndiyo iliyonipigia hesabu ya mapazia ya zahanati bila kukosea inchi, na barua iliyoniandikia ilimlainisha mwenye nyumba mpaka akaziba paa. Nimeieleza: mwalimu, mwembamba kiasi, mpole. Imejibu papo hapo, hadi nusu inchi. Bega la kushoto lishuke inchi moja.

Silikumbuki bega hilo. Mdogo wangu kauliza huyo mtu imemwona wapi. Nikamwambia ashone vifungo. Nimekata.

Alhamisi, 6 Machi. Upepo.

Gauni liko kwenye sanamu ya kuvalishia nguo. Sanamu ina mabega sawa, gauni limeinama upande, kama limevaliwa na mtu anayesikiliza. Mdogo wangu kahamisha kiti ili asiligeuzie mgongo. Nimemwita mwoga. Baadaye nimehamisha changu.

Ijumaa, 7 Machi. Mvua.

Bibi harusi kaja kujaribu. Kifuani linapwaya, kiunoni halifungi. Nimeanza kumweleza kwamba vitambaa vya zamani vina ukaidi. Hakunisikia. Alikuwa ameshika lile bega. Akauliza, taratibu, nani kanipa vipimo vya mama yake. Mama alivunjika bega la kushoto akiwa msichana, halikurudi sawa, na hakupenda kupigwa picha.

Kalia machozi. Kalikunja gauni kama anayekunja nguo za mtoto, kaondoka nalo. Ataolewa akiwa na gauni la kuazima kwa Mbwembwe, ambaye kanipungia mkono dirishani akisema pole shoga, ndiyo kazi.

Jumamosi, 8 Machi. Jua kali.

Mdogo wangu kanisihi niifute ile programu. Mtoto huyu hana akili ya biashara. Inayojua mwili wa marehemu itashindwa na walio hai?

Mchana kiongozi wa kwaya ameleta kitambaa, ameagiza majoho ya waimbaji kumi na mmoja. Atawaleta Jumatatu wapimwe. Ya nini kusumbua watu? Nimeiuliza.

Imetoa vipimo vya watu kumi na wawili. Nimehesabu mara tatu. Nimeyakata majoho yote kumi na mawili, na kitambaa kimetosha barabara.

Nalala, saa nne kasorobo.