Bwana Kabati na Mama Mkwe Wake

Jumamosi, 2 Mei

Kosa la wengi ni kudhani kwamba maneno yanayofanana sura ni ndugu. Leo kosa hilo limepigiwa makofi maktabani, katika Saa ya Maneno. Saa yangu! Miaka sita nimeiendesha kila Jumamosi. Akasimama Posta (ndivyo tunavyomwita, alikuwa mkuu wa posta kabla hajastaafu) akasema meza imeitwa hivyo kwa kuwa ndipo tunapomezea chakula. Watu wakacheka kwa raha. Nikamrekebisha kwa upole. Meza ililetwa na Wareno, jina na miguu yake minne. Kumeza ni kitenzi chetu wenyewe. Tulikuwa tunameza kabla ubao haujachongwa. Nilieleza kwa dakika arobaini tu. Wawili walilala. Mmoja alikoroma.

Mkutubi ametangaza kwamba Jumamosi ijayo tutazungumza sote wawili, na atakayependwa na wasikilizaji ndiye atakayebaki na saa. Nyumbani mke wangu huwasha cherehani nikiwataja Wareno. Nikiipoteza saa hii, nitamweleza nani? Birika?

Jumatatu, 4 Mei

Hila imeiva. Nitamlisha Posta uongo mnono, aumwage mbele ya watu, nami nisimame na ushahidi. Eti kabati limetokana na Bwana Kabati, seremala aliyejifungia ndani ya sanduku refu la nguo akimkimbia mama mkwe. (Ukweli: neno tumelichukua kwa Waingereza.) Nimekwenda kwa kinyozi, anayemnyoa Posta kila Jumanne. Nimemnong'oneza, nikamwapisha asimwambie mtu. Kiapo cha kinyozi hudumu hadi mteja anayefuata. Nimenyolewa pia, asije akashuku.

Jumatano, 6 Mei

Uongo una miguu! Fundi viatu amenisimulia habari za Bwana Kabati kabla hata sijajibu salamu yake. Kwake, mama mkwe ameketi nje ya kabati siku tatu, na kigoda chake. Jioni, mke wangu naye. Kwake, mama mkwe anampitishia mkwewe chai kwa mrija kwenye tundu la ufunguo. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Tangu tuoane sijawahi kumchekesha kwa asili ya neno! Nikashindwa kujizuia, nikamwambia mtunzi ni mimi. Akafuta machozi. "Wewe, mzee? Wewe wa Wareno? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Nimeumia.

Alhamisi, 7 Mei

Nimerudi kwa kinyozi kupeleleza. Ameapa hajamwambia mtu, kisha akasema Posta alisikiliza, akauliza mara mbili, akaandika kwenye kikaratasi. Mtego umenasa! Nimenyolewa tena. Nywele zimebaki chache sana.

Ushahidi wangu umefika kurasa kumi na nne. Ukurasa wa tisa ni wa karata na karatasi, ambazo ni ndugu wa mbali kweli: moja ililetwa na Wareno, nyingine na Waarabu, na babu yao ni Mgiriki mmoja. Hauhusiani na kabati, lakini ni mtamu.

Jumamosi, 9 Mei

Viti vimejaa, wengine wamesimama mlangoni. Wote wamemfuata Bwana Kabati. Posta akaanza. Nikafungua kurasa zangu.

Akasema hadithi ya seremala ameisikia kwa kinyozi, ikamfurahisha mno. Lakini Jumamosi iliyopita Mwalimu, yaani mimi, alimfunza kuhakikisha kwanza. Kwa hiyo alikuja hapa Jumatano wakafungua kamusi na mkutubi: neno ni la Kiingereza. Basi. Dakika tatu! Kisha akaongeza kwamba hata hivyo mwongo aliyeitunga ana kipaji cha ajabu, angependa kumpa mkono. Ukumbi mzima ukauliza: nani? Nani?

Najua nilichopaswa kufanya. Kunyamaza. Miguu ikasimama bila kunishauri. "Ni mimi!" nikapiga kelele, na kurasa kumi na nne zikatawanyika sakafuni.

Makofi, vigelegele, na mke wangu (amekuja! mara ya kwanza!) amesimama juu ya kiti, akiwaambia walio karibu naye kwamba alijua tangu mwanzo. Posta alinipa mkono mpaka bega likalia.

Mkutubi ameamua. Saa ni ya Posta. Mimi nimepewa dakika tano za mwisho, za uongo, kwa sharti nitangulize kutangaza kuwa ni uongo. Baada ya miaka thelathini na minane ya kufundisha!

Jumapili, 10 Mei

Nimetafakari kwa utulivu. Posta ni muungwana. Asubuhi mke wangu amezima cherehani kwa hiari yake, akaniomba nimweleze Bwana Kabati alitokaje mle ndani. Mtu mwenye akili angeridhika.

Lakini dakika tano! Wareno peke yao wanahitaji ishirini. Sasa, Posta akichelewa Jumamosi, lazima mtu ashike nafasi. Na kinyozi akisikia, kwa siri kubwa, kwamba Saa ya Maneno imesogezwa mbele hadi jioni... Posta hawezi kuhangaika kuhakikisha jambo dogo kama hilo.

Kichwani hakuna unywele uliobaki. Ndevu zipo. Leo, kabla hajafunga: nenda kwa kinyozi.